Ismail Pasha: Pamba ilimpa neema, madeni yakamng'oa

WANAPOTAJWA watawala wa Misri, wengi wetu humkumbuka haraka Gamal Abdel Nasser aliyeutaifisha Mfereji wa Suez mwaka 1956. Leo, ndugu msomaji, nataka tumzungumze Ismail Pasha, ambaye kwa saini yake hisa za Misri katika mfereji huo ziliuzwa kwa wageni.

Ismail alizaliwa Cairo mwaka 1830, mjukuu wa Muhammad Ali Pasha. Alisoma Paris, na akashika utawala Januari 1863 baada ya kufariki ami yake, Said. Said alimwachia deni, lakini lilikuwa deni la kulipika. Mkopo wa kwanza mkubwa kutoka Ulaya, wa pauni kama milioni tatu, ulikuwa umechukuliwa mwaka 1862 tu.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye madeni, wakasahau kuwa kilianza na neema. Kati ya 1861 na 1865 Wamarekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Pamba yao ikawa haifiki Ulaya, na viwanda vya Uingereza vikaigeukia pamba ya Misri. Bei ikapanda zaidi ya mara tatu. Hata muuza duka wa Kariakoo anajua kuwa msimu wa namna hiyo ndio wa kumaliza madeni na kuweka akiba, kwani vita vya watu vina mwisho. Ismail yeye aliihesabu neema ya msimu kana kwamba ni kipato cha kila mwaka. Mwaka 1864, pamba ikiwa bado ni dhahabu, alikopa tena. Vita vilipokwisha 1865 bei ilianguka, lakini matumizi ya serikali hayakuanguka nayo.

Simo miongoni mwa wanaomwita mfujaji na kuishia hapo. Alijenga reli, akachimba mifereji ya kumwagilia mashamba, akatandaza nyaya za telegrafu, na shule zikaongezeka sana. Mambo hayo yalikuwa na faida. Tatizo ni kwamba fedha hiyo hiyo ya mkopo ilikwenda pia kwenye makasri, kwenye jumba la opera la Cairo, na kwenye sherehe za kuufungua mfereji Novemba 1869, walikoalikwa wafalme wa Ulaya. Aliongeza karibu maradufu kodi anayoipeleka Istanbul, ili utawala urithiwe na wanawe na yeye aitwe Khedive.

Sasa tazama riba inavyofanya kazi. Mwaka 1873 alitia saini deni la pauni milioni 32, lakini thamani aliyoipata ni kama milioni 20. Tofauti ilimezwa na mabenki ya Ulaya kabla hata malipo ya kwanza hayajafika. Ndani ya nchi, sheria ya mwaka 1871 ilimwahidi mwenye ardhi kuwa akilipa kwa mkupuo kodi ya miaka sita, atasamehewa nusu ya kodi yake milele. Yaani serikali ilikula mapato ya watoto ambao hawajazaliwa! Na mkulima asiye na kitu alikamuliwa kwa viboko.

Novemba 1875 Misri iliuza hisa zake 176,602 za Suez kwa serikali ya Uingereza, kwa pauni zisizofika milioni nne. Ajabu ni kuwa wakati huo huo jeshi lake lilikuwa linapigana Uhabeshi, ambako lilishindwa, na merikebu zake ziko huku kwetu, zimeziteka Barawa na Kismayu zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Waingereza walimshinikiza akaziondoa. Mtu anauza kilicho ndani ya nyumba huku anapanua ua!

Fedha za hisa hazikuokoa kitu. Mwaka 1876 aliacha kulipa, na deni likawa limefika pauni kama milioni 91. Ikaundwa tume ya wadai, kisha wakaletwa wasimamizi wawili, Mwingereza na Mfaransa, kukagua mapato na matumizi. Mwaka 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha wa Misri. Wadai walilipwa kwanza. Maofisa wa jeshi walicheleweshewa mishahara hadi wakaandamana Februari 1879.

Ismail alipojaribu kuwafukuza mawaziri hao wa kigeni, Uingereza na Ufaransa zilimshinikiza Sultani Abdulhamid II, naye akamwuzulu tarehe 26 Juni 1879 kwa telegramu. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanawe, Tawfiq. Mwaka 1882 Ahmad Urabi na wenzake waliokataa mamlaka ya wageni walipigwa, na Waingereza wakaikalia nchi. Askari wao wa mwisho aliondoka Juni 1956.

Ismail aliishi uhamishoni Italia, kisha Istanbul, alikofariki Machi 1895. Cairo alirejeshwa akiwa maiti, akazikwa katika mji uliokuwa chini ya askari wa Kiingereza.