Yashin: Kijana aliyechoka na maisha, lango likamrudishia nguvu

KABLA dunia haijamwita Buibui Mweusi, Lev Yashin alikuwa kijana wa kiwandani ambaye kila kitu kilimchosha.

Alizaliwa Moscow, Oktoba 22, 1929, kwa wazazi wafanyakazi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, utoto wake uliishia hapo. Akiwa na miaka 12 tu alishaingia kiwandani, kwenye kelele za mashine, akisaidia kutengeneza vifaa vya vita.

Vita ikaisha, kazi ikaendelea ileile. Alipofika miaka 18, mwili na akili vikagoma. Sonona ikambana, akaacha kazi, akawa hajui aelekee wapi. Urusi ya wakati ule haikuwa na mchezo na mtu asiyefanya kazi, hivyo akaona bora aingie jeshini.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamsisimua: kusimama langoni. Alishadakia timu ya kiwandani, na huko jeshini akaendelea. Kocha Arkady Chernyshev akamwona, akamchukua timu ya vijana ya Dynamo Moscow.

Usidhani mambo yalinyooka palepale. Mwaka 1950, katika mechi ya kirafiki, Yashin alifungwa bao la aibu: mpira uliopigwa na kipa mwenzake kutoka lango la pili ulimpita. Msimu huo alipewa mechi mbili tu za ligi, kisha akasugua benchi hadi 1953.

Wengine wangekata tamaa. Yeye akaenda kudaka kwenye hoki ya barafu, na mwaka 1953 akatwaa Kombe la Sovieti akiwa na Dynamo hiyohiyo. Popote palipokuwa na lango, alikuwa kama yupo nyumbani.

Aliporudi kwenye soka, hakukamatika tena. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Melbourne 1956, kisha Kombe la Ulaya 1960 walipoifunga Yugoslavia 2-1 jijini Paris. Akiwa na Dynamo alibeba ubingwa wa ligi mara tano.

Kombe la Dunia 1962 nchini Chile likamrudisha kwenye giza. Urusi ilikuwa inaongoza 4-1 dhidi ya Colombia, mechi ikaisha 4-4, na bao moja lilitoka kwenye kona iliyoingia moja kwa moja. Kisha wenyeji Chile wakawatoa robo fainali. Lawama zote zikamwangukia kipa. Alizomewa kwao Moscow, akakaribia kutundika glovu akiwa na miaka 32.

Akajipumzisha, akarudi mazoezini. Mwaka uliofuata Dynamo ikawa bingwa, na Yashin akapewa Ballon d'Or ya 1963. Hadi leo hakuna kipa mwingine aliyewahi kuigusa.

Alidaka hadi 1970, akiwa na miaka 40. Baada ya kustaafu hakwenda mbali, alibaki kufanya kazi Dynamo. Miaka ya 1980 maradhi yakamfanya akatwe mguu, na Machi 1990 akafariki.

Tangu 2019, kipa bora wa dunia hukabidhiwa tuzo yenye jina la Yashin, yule kijana aliyeacha kazi kiwandani bila kujua aende wapi.