Mtu Aliyechora Kisiwa

Robert Louis Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti. Baba yake, Bwana Thomas, alikuwa fundi wa minara ya taa, ile iwakayo usiku penye miamba ili merikebu zisivunjike. Babu yake naye alifanya kazi hiyo. Basi ndugu walitazamia mtoto afuate njia yao.

Lakini mtoto alikuwa dhaifu. Alikohoa usiku kucha, na siku nyingi hakutoka kitandani. Mlezi wake, Alison Cunningham, alikesha naye, akimsomea Biblia na hadithi za kale. Hivyo mtoto alisafiri mbali naye yu chini ya blanketi.

Alipokuwa kijana alianza kujifunza kazi ya baba yake. Mwaka 1871 akamwambia kwamba hataki kujenga minara, ataka kuandika vitabu. Baba alihuzunika sana. Je, karatasi zitamlisha mtu? Akamtaka asome sheria. Kijana akasoma, akamaliza mwaka 1875, lakini uwakili karibu hakuufanya.

Mwaka 1880 alioa mwanamke wa Marekani, jina lake Fanny, mwenye mtoto wa kiume aitwaye Lloyd. Mwaka uliofuata walikaa Braemar, kijiji cha milimani. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Lloyd, mvulana wa miaka 13, akakaa ndani akichora kwa rangi. Stevenson naye akachora kisiwa chenye bandari, vilima na mahali palipofichwa mali. Alipoitazama ramani ile, akaona kama watu wanatembea kati ya miti yake. Akashika kalamu.

Kila siku aliandika sura moja, kisha akawasomea watu wa nyumbani. Mzee Thomas alikuwapo, akasikiliza kwa furaha kama mtoto. Lilipotakiwa kufunguliwa sanduku la baharia mlevi, mzee mwenyewe aliketi karibu siku nzima akiandika orodha ya vitu vilivyomo. Ndiye yule aliyehuzunika zamani!

Baada ya sura 15 maneno yalikauka. Stevenson alimaliza hadithi huko Davos, Uswisi, alikokwenda kutibiwa mapafu. Ramani ilipopelekwa kwa wapiga chapa ikapotea. Ikambidi asome kitabu chake mwenyewe, akipima kwa bikari, achore upya katika ofisi ya baba yake. Mzee akatia juu yake sahihi ya nahodha Flint, mkuu wa wanyang'anyi. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Kwa Kiswahili chaitwa Kisiwa chenye Hazina.

Bwana Thomas alikufa mwaka 1887. Mwaka 1888 mwanawe alipanda merikebu kweli, na mwaka 1890 akakaa Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Wenyeji walimwita Tusitala, maana yake msimulia hadithi. Alikufa huko tarehe 3 Desemba 1894, mwenye miaka 44. Wasamoa walikata njia msituni, wakamchukua mabegani mpaka kilele cha mlima Vaea, wakamzika pale, bahari ikionekana chini.