Wilhelm His na moyo unaodunda kabla ya mishipa ya fahamu

Mama, mimba ikishafika miezi mitano hivi, muuguzi wa kliniki huweka tumboni mwako chombo kama baragumu dogo, akatega sikio na kuhesabu. Mapigo ya mtoto huwa 110 hadi 160 kwa dakika. Nani anauamuru moyo ule upige? Daktari mmoja, Wilhelm His, alitafuta jibu.

Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1863. Baba yake alikuwa wajina wake, naye pia mchunguzi wa mimba changa. Mwaka 1868 baba alieleza ukanda wa seli alioukuta upande wa mgongo wa kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai. Leo tunajua kuwa seli za fahamu za moyo hutoka kwenye ukanda huo.

Mwana alifanya kazi Leipzig, Ujerumani. Wakati ule madaktari wengi waliamini moyo huendeshwa na vifundo vya fahamu vilivyomo ndani yake. His na mwenzake Ernst Romberg wakachunguza moyo unavyoumbika hatua kwa hatua. Wakakuta moyo umeshaanza kudunda, na seli za fahamu bado ziko njiani! Misuli ya moyo inajiendesha yenyewe. Mishipa ya fahamu huja baadaye kuongeza au kupunguza mwendo.

Kwa mtoto wako, moyo huanza kudunda karibu siku ya 22 tangu mimba kutungwa. Hesabu: hedhi imechelewa wiki moja tu. Seli za fahamu hufuata wiki chache baadaye, na wenzao wa ukanda uleule husaidia kugawa mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo. Pombe, gongo ikiwemo, na kisukari kisichodhibitiwa vinaweza kuharibu kazi hiyo. Uwe Kirumba au Ukerewe unakosubiri kivuko, usingoje tumbo lionekane. Njoo kliniki kabla ya wiki 12. Mwenye kisukari anayepanga kuzaa aje hata kabla ya kushika mimba.

Mwaka 1893 His aligundua fungu jembamba la misuli linalopitisha umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini. Baadaye akawa profesa Berlin, akafariki mwaka 1934. Fungu hilo bado lina jina lake, na daktari anayesoma kipimo cha umeme wa moyo huangalia kama njia hiyo inapitisha vizuri.