Willem Einthoven: Aliyetufundisha kusoma mapigo ya moyo

Ukimpeleka baba, mama mkwe au bibi hospitali kwa maumivu ya kifua, moja ya vipimo vya kwanza ni ECG. Mgonjwa hulala chali, huwekewa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache mashine hutoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Kipimo hiki hakiumi na hakiingizi umeme mwilini. Kinasoma umeme mdogo ambao moyo wenyewe hutengeneza kila unapopiga.

Walezi wengi huiona karatasi hiyo bila kuelezwa inasema nini. Njia rahisi ya kuielewa ni kumfahamu mtu aliyeifanya iwezekane.

Mtoto wa mjane

Willem Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Baba yake alikuwa daktari, lakini alifariki Willem akiwa bado mdogo. Mama yake, Louise, alibaki na watoto sita. Mwaka 1870 aliwachukua wote, akavuka nao bahari na kuhamia Utrecht, Uholanzi, ili wasome huko.

Willem alisomea udaktari. Alipenda michezo, na alipovunjika mkono akaugeuza mkasa huo kuwa somo, akachunguza jinsi viungo vya mkono vinavyofanya kazi. Akiwa na miaka 25 tu aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alifanya kazi hapo hadi alipofariki.

Uzi mwembamba kuliko unywele

Wakati huo wataalamu walijua kwamba moyo hutoa umeme. Mwaka 1887, Augustus Waller wa London alifanikiwa kuurekodi umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua, lakini kifaa chake kilikuwa kizito kuitika na mchoro haukuwa wazi. Einthoven alianza kwa kuusahihisha mchoro huo kwa hesabu. Mwaka 1895 aliyapa mawimbi yake herufi P, Q, R, S na T. Herufi hizo ndizo madaktari wa Dodoma wanazotumia hadi leo.

Kisha akatengeneza kifaa chake mwenyewe. Alichukua uzi wa kioo maalumu, mwembamba sana kuliko unywele, akaupaka madini ya fedha na kuutandika katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 michoro ya ECG iliyo wazi ikapatikana.

Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa aliketi huku ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, ambavyo vilifanya kazi ya nyaya za leo.

Wagonjwa walikuwa hospitalini, na mashine isingeweza kubebwa. Einthoven akaunganisha waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5 hivi, na umeme wa moyo ukasafiri humo. Leo mganga wa kituo cha afya huko Mpwapwa au Kondoa anaweza kuipiga picha karatasi ya ECG na kumtumia daktari bingwa kwa simu. Wazo ni lile lile.

Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Husimuliwa kwamba alimtafuta fundi wa zamani aliyemsaidia kutengeneza mashine. Alipoambiwa kuwa fundi huyo amefariki, akawagawia dada zake sehemu ya fedha za tuzo. Yeye mwenyewe alifariki kwa saratani tarehe 29 Septemba 1927.

Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani

Baada ya kifo chake, waliomfuata waliendelea kusoma mistari ile. Mistari hiyo huonyesha jambo linaloshangaza wengi: muda kati ya pigo na pigo haulingani. Unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa hupunguza. Kwa watoto na vijana hali hii huonekana zaidi, na kwa kawaida si ugonjwa.

Sababu ni kwamba moyo unaongozwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili. Moja ni kama mafuta ya pikipiki, nyingine ni kama breki. Zote zikifanya kazi, moyo hubadilika kulingana na pumzi, usingizi, kazi na hofu. Baada ya mshtuko wa moyo, breki inaweza kudhoofika. Mapigo hufanana mno, na moyo huwa katika hatari zaidi ya kuvurugika ghafla.

Mwaka 1987, Robert Kleiger na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 808 waliopata mshtuko wa moyo na kunusurika. Mapigo yao yalirekodiwa kwa saa 24. Waliokuwa na tofauti ndogo sana kati ya mapigo, chini ya milisekunde 50, walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ya wale waliozidi milisekunde 100.

Tangu hapo matibabu yameboreka, na daktari hategemei kipimo hiki peke yake. Huangalia pia nguvu ya moyo kusukuma damu, hali ya mishipa, sukari na shinikizo la damu. Namba inayoonyeshwa na saa ya mkononi haichukui nafasi ya uchunguzi huo.

Mlezi, fanya haya

Nyumbani maumivu ya kifua huitwa kichomi, gesi au vidonda vya tumbo, na mgonjwa hupewa chai ya tangawizi asubiri. Muda huo ndio misuli ya moyo inaendelea kufa. Usisubiri kuche ukiona:

- maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda begani, mkononi, shingoni au kwenye taya;
- jasho la baridi, kichefuchefu au kupumua kwa shida;
- kuzimia, au moyo kwenda mbio ghafla;
- uchovu mkubwa usio na sababu. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko bila maumivu makali.

Mpeleke kituo cha karibu na uulize kama kuna ECG. Kama haipo, omba rufaa mapema. Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye huduma za kibingwa za moyo. ECG ya kwanza ikiwa nzuri lakini maumivu yanaendelea, mwombe daktari airudie, kwa sababu mabadiliko yanaweza kuchelewa kuonekana.

Baada ya kuruhusiwa, itunze karatasi ya ECG pamoja na kadi ya mgonjwa. Daktari atailinganisha na mpya. Hakikisha dawa hazikatizwi hata akijisikia amepona, aache sigara, na atembee kidogo kidogo kwa kadiri daktari alivyoelekeza.