Simon Stevin, Mtu wa Brugge

Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyenifungua macho, ingawa alikufa zamani sana, mwaka 1620. Jina lake Simon Stevin.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Bujumbura, somo la nguvu nyingi zinazovuta kitu kimoja lilinishinda kabisa. Nilikariri maneno ya Kifaransa, nikayaandika katika mtihani, nikapata sifuri. Nikarudi nyumbani Buyenzi kichwa chini, nikidhani sikuumbiwa elimu hiyo.

Stevin alizaliwa mwaka 1548 katika mji wa Brugge, ambao leo u katika nchi ya Ubelgiji. Kwanza alikuwa karani wa hesabu za fedha. Baadaye akahamia Leiden, Uholanzi, akaingia chuo kikuu mwaka 1583, naye ni mtu mzima. Akawa mwalimu na mshauri wa Mwanamfalme Maurits, akamtengenezea gari la matanga lililokimbia kwa upepo juu ya mchanga wa pwani.

Mwaka 1586 alitoa kitabu cha elimu ya mizani. Humo alichora pembetatu kama mlima, mteremko mmoja una urefu mara mbili ya mwingine, akaivika mkufu wa mipira 14 yenye uzito sawa. Mipira 4 ililala kwenye mteremko mrefu, 2 kwenye mfupi, na 8 ikaning'inia chini. Alijua kwamba mkufu hauwezi kuzunguka wenyewe milele. Basi mipira 2 yatosha kuizuia ile 4! Kutoka hapo akaonyesha kwamba nguvu inayovuta kimshazari yaweza kugawanywa kuwa nguvu mbili zenye pembe mraba kati yao.

Baada ya kusoma habari hizo nilishuka ziwani. Wavuvi wa ndagala walikuwa wakivuta mashua nchi kavu kwa kamba tatu, nayo ikaenda upande. Nilichora mishale mchangani, nikakisia hesabu. Kamba ya kwanza yavuta mashariki kwa nyutoni 400. Ya pili yavuta kimshazari kwa 1,000, yaani 800 mashariki na 600 kaskazini. Ya tatu yavuta kusini kwa 100. Nikajumlisha: mashariki 400 na 800 ni 1,200, kaskazini 600 toa 100 ni 500. Mraba wa 1,200 na mraba wa 500 jumla yake ni mraba wa 1,300. Kumbe jasho la nyutoni 1,500 lilileta 1,300 tu, tena kwa kupinda kuelekea kaskazini! Kamba ya kusini ingeongezwa 500, mashua ingenyooka.

Jambo moja zaidi lilinigusa. Wakati ule wataalamu wa Ulaya waliandika Kilatini, lakini Stevin aliandika kitabu hicho kwa lugha ya nyumbani kwao, na maneno yaliyokosekana akayaunda mwenyewe. Nami pale mchangani nilikuwa nikijieleza kwa Kiswahili, ndipo nikaelewa. Mtihani uliofuata niliuandika kwa Kifaransa kama ilivyotakiwa, wala sikupata sifuri.

Basi, wadogo zangu, somo likikushinda, chora mishale yako, kisha umweleze mdogo wako nyumbani kwa lugha anayoijua. Akielewa yeye, nawe umeelewa.