Galileo, mzee aliyepima kuanguka
Wasomi wa zama za Galileo Galilei walimfuata Aristotle, wakiamini kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Galileo, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564, hakutosheka na kauli, alitaka kipimo. Kwa vile kinachoanguka wima hakipimiki kwa urahisi, aliviringisha tufe la shaba kwenye ubao ulioinama, akipima muda kwa maji yanayochuruzika. Akaona muda ukizidi mara mbili, umbali huwa mara nne. Tofauti ya kizito na chepesi huletwa na hewa.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa Katoliki ilimfungia kwa kushikilia kuwa dunia hulizunguka jua. Kifungoni nyumbani akakamilisha kitabu cha vipimo hivyo, kikachapwa Leiden, Uholanzi, 1638. Alifariki 1642, kipofu.