Shekhar Mehta: bingwa wa Safari Rally, Datsun 240Z na funzo la vikorombwezo vya gari

Mbio za magari za Safari Rally zimetoa mabingwa wengi, lakini jina la Shekhar Mehta bado linatajwa kwa heshima kila yanapozungumzwa magari ya Afrika Mashariki. Dereva huyu, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, alishinda mbio hizo mara 5 kati ya mwaka 1973 na 1982. Ushindi wa kwanza aliupata akiwa na gari la michezo lililotamaniwa na vijana wa dunia nzima wakati huo, Datsun 240Z.

Tumeamua kuyasimulia maisha yake kwa sababu moja. Huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita, mtu akitoboa kwenye dhahabu, moja ya ndoto za kwanza ni gari. Na gari likishachaguliwa, mjadala unahamia ndani: viti vya ngozi, redio kubwa, paa la kioo, taa za rangi kwenye dashibodi. Maisha ya Mehta yanatusaidia kuliangalia jambo hilo kwa jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari la michezo siku nyingi, usiku na mchana, katika barabara zinazofanana na zetu.

Kijana wa Uganda

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya asili ya Kihindi iliyokuwa na uwezo mkubwa na mashamba. Alianza mashindano ya magari mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW.

Wakati huo mbio za Safari zilikuwa za Afrika Mashariki nzima. Zilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa zinafanyika majira ya Pasaka, wakati masika yameingia. Ukitoka kwenye vumbi jekundu unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga. Msikilizaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa udongo huo ukilowa unafanya nini. Gurudumu linageuka donge, na gari linasimama katikati ya njia kama limepigwa kigingi.

Ndani ya mazingira hayo, kampuni ya Nissan ya Japani, iliyouza magari yake kwa jina la Datsun, iliona nafasi ya kuuthibitishia ulimwengu kuwa magari yake ni imara. Mwaka 1970 ilishinda Safari kwa gari la familia. Mwaka 1971 ikaja na gari la michezo.

Gari lenyewe likiwa dukani

Datsun 240Z ilianza kuonekana mwishoni mwa mwaka 1969. Ilikuwa na viti viwili, boneti refu na injini ya silinda 6 ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 151. Huko Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyoyashinda magari mengi ya michezo ya Ulaya.

Ndani yake kulikuwa na mchanganyiko wa mambo. Geji mbili kubwa zilikaa mbele ya dereva, na nyingine tatu ndogo katikati ya dashibodi zikiwa zimeelekezwa kwake, ili asigeuze shingo kuzisoma. Hapo watengenezaji walifanya kazi nzuri. Usukani ulionekana kama wa mbao, ingawa haukuwa mbao halisi. Viti vilivalishwa ngozi bandia. Kwa maneno mengine, fedha ilitumika zaidi kwenye injini, umbo na mpangilio kuliko kwenye malighafi za kifahari.

Kwa mnunuzi wa Marekani, redio ilikuwa ndani ya bei. Nyumbani Japani hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa gari hilo liliuzwa kwa madaraja, wa chini kabisa ukipata vitu vichache na wa juu ukipata zaidi. Toleo la Z432, lililokuwa na injini ya mashindano, liligharimu karibu mara 2 ya lile la bei ya chini. Halafu kulikuwa na toleo la Z432-R, lililotengenezwa kwa idadi ndogo sana kwa ajili ya mashindano. Hilo liliondolewa redio, kifaa cha kuleta joto na hata saa, ili kupunguza uzito. Mnunuzi alipewa vitu vichache zaidi.

Katika Safari ya mwaka 1971, Datsun 240Z ilichukua nafasi ya kwanza kupitia Edgar Herrmann, na ya pili kupitia Shekhar Mehta. Alikuwa na miaka 25.

Kupoteza nyumbani

Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke Uganda na akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na magari. Mehta naye akaondoka katika nchi aliyozaliwa na kuhamia Kenya.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya mwaka 1973, alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia akiwa na Datsun 240Z. Msoma ramani wake alikuwa Lofty Drews. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rally, kwa hiyo macho ya nje yalikuwa mengi kuliko zamani.

Gari la mashindano halikuwa sawa na lile la dukani. Kila kilichobaki ndani kilipaswa kuwa na kazi: viti vinavyomshika dereva na mwenzake wasirushwe kwenye mashimo, taa ndogo ya kusomea ramani usiku, vifaa vya kupimia umbali na muda, matairi ya spea na zana za kujikwamua. Kisichokuwa na kazi kilikuwa mzigo.

Mbio za maelfu ya kilometa zilipokwisha, likatokea jambo la ajabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Källström naye aliendesha Datsun, lakini yake ilikuwa gari la kifamilia la aina ya Bluebird lililoongezwa nguvu. Gari la michezo na gari la familia, yote ya kiwanda kimoja, yalifika mwisho yakiwa sawa. Waamuzi walimpa Mehta ushindi kwa kanuni ya kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza alama.

Tukio hilo linatuambia kitu kuhusu magari ya michezo. Umbo lake lilivutia macho na injini yake ilikuwa na nguvu, lakini katika barabara ya Afrika Mashariki pengo kati yake na gari la kawaida lililoandaliwa vizuri liliweza kufutika kabisa.

Mara nne mfululizo bila gari la michezo

Mehta hakushinda Safari tena kwa gari la michezo. Mwaka 1979 alirudi kileleni akiwa na Datsun Violet, gari la umbo la kawaida ambalo mtu angeweza kuliona limeegeshwa mbele ya ofisi yoyote. Akashinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982, zamu hizo zote nne akiwa na Mike Doughty kwenye kiti cha pembeni. Ushindi wa mara nne mfululizo ulimweka mahali pa peke yake, na hesabu yake ya mara 5 ilikaa miaka mingi bila kufikiwa.

Katika mashindano ya nje, mara nyingi msoma ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mbio za Mafarao nchini Misri, akiendesha Peugeot. Ajali hiyo ilimaliza safari yake ya udereva wa mashindano. Hakuuacha mchezo, akaingia katika uongozi wa rally ndani ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari. Alifariki dunia London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Hakuuona mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002.

Mnunuzi wa leo achukue nini hapa?

Tuanze na hesabu. Gari jipya likiingia Tanzania, kodi hupigwa kwenye thamani yake yote, na thamani hiyo inabeba pia vikorombwezo vilivyofungwa kiwandani. Kwa injini inayozidi cc 2,000 kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18, kila mmoja ukipanda juu ya mwenzake. Ukiongeza viti vya kifahari na redio kubwa vya shilingi milioni 10, utalipa kodi ya takriban shilingi milioni 6.2 kwa ajili ya nyongeza hizo peke yake, kabla ya tozo nyingine ndogo. Uzuri wa shilingi milioni 10 unakuwa wa zaidi ya milioni 16.

Kwa hiyo tupange nyongeza katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazomsaidia dereva kufanya kazi yake: kiti kinachoshika mgongo vizuri, usukani unaorekebishika, geji zinazosomeka juani, kiyoyozi chenye nguvu, taa nzuri na tairi la spea la ukubwa kamili. Hizi ni ngumu au ghali kuzifunga baadaye, kwa hiyo ni bora zitoke kiwandani.

Fungu la pili ni la macho ya watu. Ngozi nyeupe ya viti haitadumu kuwa nyeupe kwa vumbi la Geita. Rimu kubwa zenye tairi jembamba zitakutana na mashimo mapema. Redio fundi anaweza kuifunga wakati wowote, na kwa bei ndogo zaidi.

Ubora wa ndani upimwe kwa mkono na kwa muda. Kaa kwenye kiti hicho nusu saa nzima bila kushuka. Bonyeza dashibodi usikie kama inalia. Fungua na kufunga kila mfuniko. Omba kuliendesha kwenye barabara ya vumbi, madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa, kisha usikilize. Plastiki inayogongana kwenye kilometa ya kwanza itakupigia kelele miaka yote utakayokuwa nalo.

Mehta alizaliwa kwenye familia ambayo ingeweza kununua gari la starehe ya aina yoyote. Magari yaliyompa jina yalikuwa yamebakiwa na vile tu vinavyomfikisha mtu mwisho wa safari.